Gunia Jingine Si Fidia

Ndugu zetu wa Kayole, Dandora na Makadara, wengi wenu hutuma sehemu ya mshahara mashambani ili mama anunue mbolea. Mwaka 2024 mbolea bandia iliuzwa kwa jina la ruzuku, kutoka maghala ya Bodi ya Nafaka yenyewe. Mei 2 Bunge likapiga kura kumwondoa Waziri Mithika Linturi. Siku 11 baadaye kamati ya wabunge ikamtakasa. (Kutakasa tulidhani ni kazi ya kanisa.)

Mkulima aliahidiwa gunia jingine. La nini, na mahindi yamekwisha dumaa? Kifungu cha 46 cha Katiba chataja fidia ya hasara, hata kwa bidhaa za vyombo vya umma, na hasara hapa ni mavuno. Twadai mwenye ekari mbili alipwe mavuno yake, na kila gunia la ruzuku lipimwe kabla halijatoka ghalani.