Waranti Haikai Kabatini
Mzazi, umemnunulia kijana pikipiki mpya? Msome waranti kabla hajaiwasha. Vyuma vya injini mpya husuguana na kumwaga vichembe ndani ya oili. Ndiyo sababu sevisi ya kwanza huja mapema, mara nyingi kabla ya kilomita 1,000. Mkiikosa, muuzaji aweza kukataa kuitengeneza bure ikiharibika. Tairi, breki na cheni zikiisha kwa matumizi, gharama ni yenu. Lakini kasoro ya kiwandani ni mzigo wake; Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Basi wekeni risiti, na kila sevisi kijitabu kipigwe muhuri. Mali bila daftari hupotea bila habari.