Paddington na Haki ya Kubadili Nia

Wapo wanaodhani kwamba haki ya mpiga kura hukamilika pale karatasi yake inapotumbukia sandukuni. Historia ya Paddington, lililokuwa jimbo la Baraza la London Kubwa, yathibitisha kuwa huo ni nusu tu ya ukweli.

Baraza hilo lilichaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Kuanzia uchaguzi wa 1973 London iligawanywa katika majimbo 92, kila jimbo likitoa diwani mmoja. Wananchi wa Paddington hawakujifunga kwa chama chochote. Mwaka 1977 walimchagua diwani wa Conservative, chama kilichojinyakulia viti 64 katika Baraza zima. Mei 1981 wakageuka, wakamchagua Ken Livingstone wa Labour, na chama chake kikapata viti 50. Siku iliyofuata madiwani wa Labour walimng'oa Andrew McIntosh, aliyewaongoza katika kampeni, wakamweka Livingstone kuwa kiongozi wa Baraza.

Waliochukizwa na kitendo hicho, au na matumizi ya fedha za Baraza, walikuwa na dawa halali: uchaguzi wa Mei 1985. Lakini serikali ya Margaret Thatcher, iliyoahidi katika ilani yake ya 1983 kulivunja Baraza, ilipitisha sheria mwaka 1984 ya kuufuta uchaguzi huo. Livingstone na wenzake watatu walijiuzulu ili wananchi waulizwe. Tarehe 20 Septemba 1984 ulifanyika uchaguzi mdogo katika majimbo manne, Paddington ikiwemo. Conservative hawakusimamisha wagombea, na wapiga kura wengi hawakujitokeza. Labour walishinda yote manne, lakini ushindi usio na mshindani mkuu haukuweza kuumaliza ubishi.

Itasemwa kwamba serikali nayo ilikuwa na ridhaa ya wapiga kura wa Uingereza nzima. Ni kweli, na hoja hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo, ridhaa ya taifa haikuwa jibu la swali la Paddington: je, diwani huyu abaki au aondoke? Sheria ya 1985 ililivunja Baraza, na tarehe 31 Machi 1986 likafikia ukomo wake. Aliyempenda Livingstone na aliyemchukia walipoteza kitu kilekile, yaani nafasi ya kutoa hukumu.

London ilikaa miaka 14 bila chombo cha kuchaguliwa cha jiji zima, hadi Mei 2000 ilipopata Meya na Bunge lake. Aliyechaguliwa Meya alikuwa Livingstone yuleyule, safari hii akiwa mgombea binafsi. Jimbo la Paddington halikurudi.

Kiongozi mbaya huondolewa na waliomweka. Anayekivunja kiti ili kumwondoa aliyekikalia huwaadhibu wenye kiti, nao ni wananchi.