Kuzima mfumo wa zamani: Agizo moja laweza kukwamisha mpaka

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

MIFUMO ya kompyuta huzinduliwa kwa hotuba na kukata utepe, lakini siku ya kuzimwa haina mgeni rasmi. Kwa mji kama Tunduma, unaoishi kwa malori, siku hiyo ndiyo yenye hatari zaidi.

Tangu Oktoba 2019, Rais John Magufuli na mwenzake wa Zambia, Edgar Lungu, walipofungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ukaguzi wa pande mbili hufanyika mahali pamoja, kwa kutegemea kompyuta. Mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato (TRA) iliiacha ASYCUDA++ na kuingia TANCIS. Mabadiliko ya aina hiyo hayaepukiki.

Kilichobadilika ni namna ya kubomoa. Zamani kuondoa seva kulihitaji fundi na gari. Leo taasisi nyingi duniani hukodi seva za mbali kwa intaneti, na mitambo yote huandikwa kama maelekezo ya programu. Kwa kutumia Terraform, agizo moja hujenga seva 100. Jingine huzifuta pamoja na kanzidata zake.

Mei 2024, mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuta mitambo yake ya Google Cloud imefutwa. Kipengele kimoja kilichoachwa wazi wakati wa kuiandaa kiliiwekea ukomo wa mwaka mmoja. Uliokolewa na nakala za akiba, zikiwamo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine.

Hata hivyo, kuacha mitambo isiyotumika nako si salama: gharama huendelea na taarifa za watu hubaki hatarini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakataza kuzihifadhi kupita mahitaji. Kwa upande mwingine, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu ofisa kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5.

Kwa hiyo orodha ya vitakavyofutwa isomwe na mtu wa pili, kanzidata ziwekewe kufuli, nakala zijaribiwe kurejeshwa, na mfumo uzimwe kwa muda kabla ya kufutwa, ili ijulikane nani bado anautegemea.

Mkataba wa kujenga mfumo wa umma uwe na sura ya kuubomoa, pamoja na cheo cha atakayetia saini. Vinginevyo, gharama ya kosa itabebwa na dereva aliyekwama foleni mpakani.