Barua ya wazi kwa KNEC: mfano tuuchague sisi

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya (KNEC),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Ninafundisha Gredi ya 5 na ya 6 katika kisiwa kimoja cha Lamu. Tulipofika kwenye maumbo na vipimo, niliwaambia watoto walete dema, mtego wa samaki wa kusukwa, kutoka nyumbani. Wakahesabu pande za kila tundu: sita. Wakapima upana wake. Kisha bintiye mvuvi akatueleza kwa nini babake hasuki dema lenye matundu madogo: samaki wachanga wapate kutoka, wakue, awavue baadaye. Kipindi cha hisabati kikawa pia cha sayansi na cha kutunza bahari.

Mtaala wa Umilisi umetutaka tufundishe hivyo tangu uanze kote nchini mwaka wa 2019. Lakini KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 6, ikifika, binti huyo hupewa karatasi achague A, B, C au D.

Sitaki KPSEA ivunjwe. Watahiniwa ni zaidi ya milioni moja, na mashine husahihisha upesi. Ombi langu linahusu tathmini za shuleni. Kazi hizo mnatunga ninyi; sisi tunazipakua, tunazichapisha, tunawapa watoto, tunawarudishia alama. Kazi ileile hufika Kiwayu na Kapsabet. Na si mchezo: mtoto akienda sekondari ya juu, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 hubeba asilimia 20 ya matokeo yake, sawa na KPSEA, huku KJSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, ikibeba 60.

Tupeni umilisi unaopimwa na vigezo vya kutuza alama. Mfano tuuchague sisi. Mkitaka mtoto akusanye takwimu na kuchora grafu, wa Kapsabet apime maziwa ya kila asubuhi, wetu apime kina cha maji gatini kuanzia bamvua hadi maji mafu. Viwango vibaki vilevile vinne, toka kuzidi matarajio hadi chini ya matarajio.

Mtasema walimu watawapendelea watoto wao. Ni kweli, mkono huwa mwepesi (wangu pia, kwa mtoto aliyevuka maji kwa mashua kuja shuleni). Basi chukueni sampuli za kazi zetu, zisahihishwe upya na walimu wa kaunti nyingine. Anayegawa alama kama njugu atajulikana.

Baraza lenyewe huandaa karatasi za breli na za maandishi makubwa, na sijasikia mtu akidai kwamba kiwango kimeshuka kwa sababu hiyo. Mtoto wa kisiwani haombi karatasi rahisi. Anaomba swali linaloanzia pale anapopajua.

Jaribuni kazi moja tu ya Gredi ya 5, katika kaunti mbili tatu, na Lamu iwe mojawapo.

Wenu,
Mwalimu wa shule ya msingi, Lamu