Video ya mtaa isimalize bando za watu

Wenzangu waandishi wa programu, naona homa mpya: kila jukwaa la mtaa sasa lataka kuhifadhi video zake lenyewe. Sipingi. Mkutano wa wakazi wa Changamwe kuhusu maji uwe mikononi mwa wenyewe, si kwa kampuni ya ng'ambo inayoweza kufunga akaunti usiku mmoja. Ninachopinga ni namna mnavyofanya.

Mnasema eti intaneti si tatizo tena, kwa sababu nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitua papa hapa Mombasa mwaka 2009. Zilitua, ndiyo. Lakini nenda Likoni umwulize anayesubiri feri kama yeye hununua waya au megabaiti!

Tupige hesabu. Video ya dakika 3, kwa megabiti 5 kila sekunde, ni kama megabaiti 112. Ibaneni hadi kilobiti 300, haifiki 7. FFmpeg ni programu ya bure na hufanya kazi hiyo. Seva iiendeshe mara tu video inapopakiwa. Picha itakuwa na ukungu kidogo, sawa, ila mzee wa mtaa atasikika. (Sauti msiibane sana, jamani.)

Halafu hili la video kujianzia yenyewe ukurasa unapofunguka. Nani aliwatuma? Huko ni kumtoa mtu pesa mfukoni bila kumwuliza. Wekeni picha tuli, andikeni uzito wa faili kando yake, mwenye simu aamue. Anayetaka ile kubwa ataibonyeza mwenyewe. Wenye Wi-Fi kule Nyali wapo.