Divai Ina Maneno, Mbege Ina Matusi

Katika hadithi nyingi ninazosoma zinazopita Moshi, mbege imepewa kazi moja tu: kumwangusha baba mtaroni. Haina rangi, haina harufu, haina aliyeipika. Inanywewa, mtu anapepesuka, mke analia, basi.

Lakini mwandishi yuleyule amketishe mhusika hotelini mbele ya glasi ya divai nyeupe ya Kiitalia, kalamu inavaa suti! Tunaambiwa zabibu zilichelewa kuvunwa, zikaachwa mtini mpaka sukari ikapanda. Kwamba chachu iliila sukari ile karibu yote, divai ikatoka kavu lakini nzito mdomoni. Kwamba inataka samaki wa kukaanga kwa siagi, au jibini iliyokomaa. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ugomvi wangu ni huu: ufundi wa namna hiyo ukifanyika Kibosho au Marangu, mbona hauandikwi?

Maana hata ndizi za mbege husubiriwa ziive sana, sukari ipande. Humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu kama udongo, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Pembeni, ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa kuwa kimea, hupikwa uji. Gome la msesewa huleta uchungu. Vikishachanganywa, kinywaji hakitulii: leo kitamu, kesho kikali. Mpishi, ambaye mara nyingi ni mama, huijua saa yake kwa pua na ulimi.

Eti Kiswahili hakina msamiati wa ladha. Uongo! Kaa kilabuni usikilize: hii bado changa, hii imekolea, hii nzito, hii msesewa umezidi, ile imeshachacha. Kama huo si msamiati, ni nini? Na chakula chake kipo. Kwangu mimi, mbege changa inakwenda na kiburu, ndizi na maharage yake. Iliyokolea inakata mafuta ya mbuzi wa kuchoma, na haitishwi na kisusio.

Najua nitajibiwa kwa neno ulevi. Ulevi upo, umebomoa nyumba za watu, na mwandishi asiufiche. Ila divai nayo inalevya, na hakuna anayeiandika kana kwamba ndiyo kazi yake pekee. Mbege hupelekwa kwenye posa, na wazee huinywa kata moja wakipatanisha waliogombana. Mbona kurasa hizo hatuzioni?

Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alitoa kitabu cha Kiswahili, *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*. Hakungoja mgeni amhakikishie kwamba maisha ya mlimani yanastahili kitabu. Sisi, wenye simu mkononi na blogu za bure, tunangoja nini? Akina mama wanaojua haya wanazeeka, na bia ya chupa haihitaji mtu wa kurithi ujuzi wao. Ladha haichimbuliwi ardhini kama vigae. Isipoandikwa na anayeionja leo, imekwenda.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, ukimrudia mlevi wako wa Uru, mwandike, ni haki yako. Ila tuambie pia mbege aliyokunywa ilikuwa ya siku ngapi, na nani aliipika.