Picha ya Sauti Si Sauti Yenyewe

Kompyuta imewapa wanafunzi wa sekondari uwezo ambao zamani ulikuwa wa maabara kubwa tu, nao ni uwezo wa kuitazama sauti. Programu kama Audacity na Sonic Visualiser huchora spektrogramu, yaani picha inayoonyesha wakati kwa mlalo, idadi ya mitetemo kwa wima, na nguvu ya sauti kwa rangi. Programu hizo hizo huweza pia kuirefusha sauti bila kuifanya iwe nzito zaidi. Kwa kuwa kazi hizi mbili hukaa katika chombo kimoja, si ajabu zikachanganywa. Lakini kuzichanganya kwaweza kupotosha jaribio zima, na yafaa walimu wazitenganishe tangu somo la kwanza.

Ili kuchora picha hiyo, kompyuta huikata sauti vipande vifupi viitwavyo madirisha. Katika sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 kila sekunde, dirisha la sampuli 1,024 hudumu milisekunde 23 hivi, na hupima mitetemo kwa hatua za 43 kwa sekunde. Dirisha la sampuli 4,096 hupima kwa hatua za 11 hivi, lakini hudumu milisekunde 93. Apataye usahihi wa mitetemo hupoteza usahihi wa wakati. Mpaka huo ulielezwa na Dennis Gabor mwaka 1946, wala hakuna programu iwezayo kuuvuka. Hata hivyo, mabadiliko hayo yote ni ya picha tu. Ubadilishe dirisha, rangi, au kiwango cha chini cha desibeli kinachoonyeshwa, hakuna hata sampuli moja ya sauti itakayoguswa.

Kurefusha sauti ni jambo jingine kabisa. Njia mojawapo mashuhuri ilielezwa mwaka 1966 na Flanagan na Golden wa Bell Laboratories, Marekani: sauti hukatwa madirisha yanayopandana, mitetemo yake huchambuliwa, kisha vipande huungwa upya vikiwa vimeachana zaidi. Sekunde 10 zikirefushwa mara mbili, sampuli 441,000 huwa 882,000. Hapa nako kuna ukubwa wa dirisha, lakini dirisha hili huamua kile kitakachosikika. Likiwa refu mno, mlio mkali wa ngoma hutawanyika na kupoteza ncha yake. Likiwa fupi mno, sauti nzito hukwaruza.

Madhara ya kuchanganya mambo haya huonekana wazi katika lugha. Wasemaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayofuata p katika neno la pili. Pumzi hiyo haifiki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwanafunzi akiichora kwa dirisha refu, ataona ukungu tu, na pengine ataandika kwamba tofauti haipo, ilhali sikio lake linaisikia. Huyo atasaidiwa kwa kufupisha dirisha la picha. Lakini ikiwa sauti yenyewe ilirefushwa vibaya na kuhifadhiwa, pumzi imekwisha kuharibika, na hakuna marekebisho ya picha yatakayoirudisha. Hapana budi kuirudia rekodi ya asili.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya mafundi, na kwamba mwanafunzi hutosheka na picha inayopendeza. Hoja hiyo haina nguvu. Hakuna mwalimu wa biolojia apokeaye mchoro wa chembe hai usiotaja darubini ilikuza mara ngapi. Kwa kipimo hicho hicho, spektrogramu isiyotaja ukubwa wa dirisha na mipaka ya desibeli haistahili kuitwa ushahidi. Watunzi wa programu nao wana wajibu: marekebisho ya picha na marekebisho ya sauti yasiwekwe mahali pamoja kwa majina yanayofanana.

Palipo na shaka, jaribio ni jepesi. Sauti ihifadhiwe kabla na baada ya badiliko, kisha faili hizo mbili zilinganishwe sampuli kwa sampuli. Zikiwa sawa, kilichobadilika ni picha tu.